Tochi Nyuma ya Kanga

Tochi ilifika Mbeya ndani ya boksi la viatu, imeviringishwa kwenye gazeti la lugha ambayo hakuna mjumbe wa kamati aliyeweza kuisoma. Kwenye orodha ya vifaa vya msaada iliandikwa "kifaa cha mkononi cha kupima kasi ya mpira". Jina hilo lilidumu dakika tano. Mjumbe mmoja alikitoa, akakielekeza mlangoni, na wote waliokaa upande wa mlango wakajikuta wamenyamaza kama abiria wa basi lililosimamishwa.

"Kumbe ni tochi," akasema mtunza vifaa, na kuanzia hapo ikawa tochi.

Huku kwetu, yeyote aliyewahi kusafiri barabara kuu anajua tochi ni nini. Ni ile anayoishika askari wa usalama barabarani, na ndiyo tochi pekee ninayoijua inayommulika mtu bila kutoa mwanga.

Mimi nilikuwa katibu wa timu ya wanawake ya softiboli. Nilipewa cheo hicho kwa sababu niliwahi kuripoti michezo kwenye redio ya mjini, na kwa sababu nilikuwa na daftari. Softiboli, kwa asiyeijua, ni ndugu wa besiboli. Mrushaji anazungusha mkono na kuuachia mpira kutoka chini, mdakaji amechuchumaa mbele yake na glavu, na katikati yao anasimama mtu mwenye gongo anayejaribu kuupiga. Watazamaji wetu wa kwanza walisema ni rede iliyokwenda shule.

Pamoja na tochi ilikuja barua. Tochi ya pili ilikuwa imepelekwa Iringa, na huko ndiko kungefanyika jaribio la Nyanda za Juu Kusini. Kila mkoa ulete mrushaji mmoja na mpimaji wake. Mrushaji atakayefikia kilomita themanini kwa saa, mara tatu kati ya tano, angepelekwa kwenye mafunzo ya wiki sita ya urushaji na ukocha, na kurudi na cheti. Mpimaji awe mtu mwenye uzoefu wa kupima mwendo.

Cheti hicho kilikuwa na mwenyewe tayari, angalau mawazoni mwetu. Mrushaji wetu bora alikuwa mwalimu wa kujitolea katika sekondari moja ya kata. Mwalimu wa kujitolea ni mtu aliyemaliza chuo, akaomba ajira, na huku akisubiri jibu anafundisha kana kwamba limeshakuja. Yeye alikuwa kwenye mwaka wa tano wa kusubiri. Mumewe alikuwa machimboni Chunya na alirudi nyumbani kwa misimu, kama mvua, isipokuwa mvua angalau hutangazwa. Shule moja ya bweni ilikuwa inatafuta mwalimu wa michezo mwenye cheti cha ukocha, ikamwambia itamsubiri mpaka mwisho wa muhula na si zaidi. Kwa hiyo kilomita themanini kwa saa, ambazo kwetu sisi wengine zilikuwa namba ya kuchangamsha Jumamosi, kwake zilikuwa kazi au kukosa kazi.

Mpimaji mwenye uzoefu tulimpata bila kutafuta. Alikuja mwenyewe ofisini, mzee mrefu aliyenyooka, mstaafu wa usalama barabarani aliyemalizia utumishi wake kwenye kipande cha Igawa. Tulimwita Afande. Aliipokea tochi kwa mikono miwili, akaipuliza kioo, akaniuliza nani mwingine ameigusa. Kuanzia siku hiyo ililala nyumbani kwake.

Jumamosi ya kwanza Afande alifika uwanjani kabla yetu na hatukumwona. Tulifanya mazoezi karibu saa nzima tukimsubiri. Mwalimu alirusha mipira yake, akaondoka kuwahi kipindi cha ziada cha kidato cha nne. Nilikuwa nimeanza kulalamika kwa sauti kuhusu wastaafu wasiojali muda, Afande akatokea nyuma ya mikaratusi iliyoko mwisho wa uwanja, mkononi ana karatasi iliyojaa namba.

"Nimeshapima," akasema.

"Umempima nani?"

"Wote wanne. Hawajui kama wamepimwa. Hapo ndipo unapata mwendo wa kweli."

"Afande, huku hatukamati mtu."

"Ndivyo wanavyosema wote," akajibu, akanikabidhi karatasi.

Mrushaji wa tatu kwenye orodha, yaani mwalimu, alikuwa na themanini na tatu, themanini na moja, themanini na nne. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilichukua rula, nikazipiga namba zote mstari, nikaandika pembeni: batili, mpimaji hakuwa mahali pake. Kisha nikaketi nikaandika Utaratibu wa Upimaji, ukurasa mmoja, vifungu vinane. Kifungu cha nne kilisema mpimaji akae nyuma ya wavu, nyuma ya mdakaji, tochi ikimwelekea mrushaji. Kifungu cha tano kilisema mpimaji asijifiche nyuma ya mti, kichaka, ukuta wala gari. Niliupenda ukurasa ule kiasi cha kupeleka nakala Iringa ili na wenzetu waupate.

Jumamosi ya pili Afande alisimama pale kifungu cha nne kilipomtaka. Mwalimu alikuja na mkoba wake, akamwona, akatoa kanga, akajifunika kichwa, akageuka na kwenda kwenye bomba la maji, ambako alinawa mikono kwa muda ambao daktari wa upasuaji angeuona mrefu. Aliporudi alirusha huku uso ameuelekeza kwenye uzio. Hamsini na nane. Sitini na moja. Hamsini na tano. Afande alizisoma namba kwa sauti ndogo huku akiangalia viatu vyake.

Ikawa hivyo Jumamosi tatu mfululizo. Niliandika kwenye daftari kwamba mrushaji ana tatizo la kujiamini. Niliandika pia kwamba mpimaji ameanza kuchoka, kwa sababu tochi aliishika upandeupande kama mtu anayemwagilia bustani ya jirani. Mambo yote mawili niliyaona kwa macho yangu na nikayaandika kwa tarehe. Kuuliza, kazi niliyojisifia miaka mingi redioni, sikuuliza.

Mdakaji wetu, muuguzi wa zahanati moja ya mjini, ndiye aliyekataa tumpeleke mtu mwingine Iringa. Alinionyesha kiganja chake cha kushoto, chekundu, kimevimba chini ya vidole. Yeye na mwalimu walifanya mazoezi peke yao siku za katikati ya wiki.

"Tochi yako inasema sitini, Katibu. Kiganja changu hakijasomea, lakini kinasema vingine."

Basi tukaenda. Afande alitangulia kwa basi siku moja kabla, akisema anataka kuuona uwanja. Sisi watatu tulifuata kwa gari la shule, na tukasimama Igawa kula. Ni kawaida kusimama Igawa, kwa sababu ya mchele wa Mbarali na kwa sababu dereva ana mama lishe wake pale, kwenye kibanda cha turubai la bluu kilichotazamana na barabara.

Mama lishe aliposikia tunakwenda kupima mipira kwa tochi alicheka mpaka akaweka upawa chini.

"Tochi mnaniambia mimi? Yule askari mrefu alikuwa anakaa hapahapa ulipokaa wewe," akaniambia, na akalitaja jina la Afande, majina yote mawili.

Mwalimu aliinuka na sahani yake, akaenda kula ndani ya gari.

"Kasikia nini?" nikauliza. "Wali una mawe?"

Muuguzi aliniangalia kwa huruma ambayo nadhani huwawekea wagonjwa wanaokuja wakiwa wamechelewa. "Katibu, hivi wewe ulikuwa mwandishi wa habari kweli?"

"Miaka tisa."

"Ndiyo maana ukaacha. Yule mzee ni baba mkwe wake."

"Afande?"

"Baba wa mume wake, yule wa Chunya. Sasa ulitaka akae hapo alisikilize jina lake huku anatafuna?"

Mimi si Mnyakyusa; babu yangu alikuja Iringa na bidhaa kutoka Pwani, nami nimezaliwa mjini humo. Nilikuwa nimesikia kwamba kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawazungumzi, na kwamba hata jina la mkwe mkamwana halitaji. Nilikuwa nimelihifadhi jambo hilo kichwani pamoja na mambo mengine ya zamani ambayo watu husema yamekwisha. Muuguzi alisema ni kweli, wengi mjini wameacha. Ile nyumba haijaacha.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambiaje? Aje kwa katibu aseme siwezi kurusha mpira kwa nguvu kifuani kwa mkwe wangu? Na jina lake hatamki. Na Afande naye hamtazami. Wewe umewasimamisha uso kwa uso Jumamosi tatu, mmoja anaangalia uzio, mwingine anaangalia viatu, halafu unaandika."

Nilifungua daftari palepale mezani. Mpira ulirushwa kwa woga na tochi ikashikwa kuelekea kwingine, na kama nilivyokuja kuelewa baadaye, tochi isiyonyooka na mpira husoma pungufu. Namba sahihi nilizokuwa nazo zilikuwa tatu, zile za nyuma ya mikaratusi, na nilikuwa nimezipiga mstari kwa rula.

Mama lishe, aliyekuwa amefuatilia yote bila kuacha kupakua, alisema hakuona tabu iko wapi. "Si ampime akiwa amejificha? Hapa alikuwa anashusha turubai lote mpaka chini, anapima mabasi kupitia humohumo. Madereva wanawashiana taa barabara nzima na askari hawamwoni. Mwendo wanapewa."

"Kupitia turubai?"

"Tochi inaona nguo? Haioni nguo."

Iringa tulikuta upepo. Uwanja ulikuwa wa shule, upande wa barabara ya Tosamaganga, vumbi jekundu na wavu mmoja wa waya nyuma ya mdakaji. Afande alikuwa ameshasimama mahali pake. Msimamizi, kijana mwenye adabu aliyetumwa kutoka Dar es Salaam, alikuwa na faili, na juu kabisa ya faili niliuona Utaratibu wangu, umepigwa muhuri.

"Umetusaidia sana, Katibu. Tumeufanya ndio mwongozo wa kanda nzima."

Nilimshukuru. Kisha nikamwendea Afande, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama angeweza kupima nyuma ya nguo, kama kule kwa mama lishe. Hakuuliza kwa nini. Aliangalia mbali kuelekea mlimani.

"Watu wa Pwani," akasema hatimaye, "mnachelewa, lakini mnafika."

Kanga ilitoka kwenye mkoba wa mwalimu. Ilikuwa ileile aliyojifunikia Mbeya. Muuguzi aliifunga kwenye waya kwa ncha mbili za juu, Afande akaingia nyuma yake na kigoda.

"Hiki ni nini?" akauliza msimamizi.

"Jua," nikasema. "Kioo hakisomeki juani." Hilo lilikuwa kweli pia.

Alifungua faili, akasoma kifungu cha tano kwa kidole. "Mti, kichaka, ukuta, gari."

"Kanga haimo."

"Haimo," akakubali, kwa masikitiko kidogo. "Lakini nani ataona namba? Kaa naye, uwe shahidi."

Nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, bega kwa bega na Afande. Maandishi ya kanga yalikuwa yanatutazama kinyumenyume, na upepo uliyakunja vibaya kiasi kwamba mpaka leo sijui yalisemaje. Upande wa pili tulisikia vumbi likisuguliwa na kiatu. Afande aliinua tochi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliishika kwa mikono miwili, imenyooka mbele kabisa.

Mpira wa kwanza: sabini na sita. Ulikuwa wa kuonja tu.

Wa pili ulimfanya muuguzi atoe mguno ndani ya barakoa yake ya waya. Themanini na mbili. Wa tatu, themanini na moja. Afande alizitamka namba kwa sauti ya barabarani, na mimi nikaziandika.

Kwenye mpira wa nne upepo uliinyanyua kanga mpaka usawa wa vichwa vyetu. Tulikuwa wazi kabisa, wanaume wawili kwenye ndoo na kigoda. Mkono wa mwalimu ulikuwa umeshazunguka. Afande aliinamisha kichwa, mwalimu akageuza uso, na mpira ukapita kati ya watu wawili waliokuwa wakiangalia chini. Sabini na moja.

Muuguzi alikwenda kuifunga kanga ncha za chini kwa kamba za viatu vyake. Wakati huo mwalimu alichuchumaa akiwa ametupa mgongo, kichwa kimeinama. Msimamizi alidhani anasali.

Mpira wa tano ulipiga glavu kwa mlio uliowafanya hata waliokaa mbali wageuke.

"Hakuna kitu," akasema Afande kwa sauti kubwa. "Hajazidi. Aende."

Kupitia pembeni ya kanga nilimwona mwalimu akiokota mkoba wake, akianza kuufunga zipu taratibu, kama mtu aliyekuwa amejiandaa kwa hilo tangu Mbeya. Niliinama nikaangalia kioo.

"Afande, hii ni themanini."

"Ndiyo. Themanini. Hajazidi."

"Themanini inatosha."

"Inatosha kwa nani? Basi likija na themanini unaliacha lipite. Miaka yote nimeliacha. Themanini siyo kosa."

"Huku kosa ndilo tunalolitafuta, Afande."

Aliifikiria hoja hiyo. Ilionekana kumuumiza kidogo. Kisha akanigeuzia kioo ili nisome mwenyewe, nikatoka nyuma ya kanga nikaitangaza namba, na msimamizi akaja akaiona, akahesabu tatu kwenye vidole vyake. Muuguzi alivua barakoa akaketi chini.

Ilibaki fomu. Msimamizi alijaza mbele yangu, akafika kwenye mstari unaouliza uhusiano kati ya mpimaji na mchezaji, akainua kalamu akisubiri neno "hakuna". Ningeweza kumpa. Nilishamwambia habari ya jua na hakuna aliyelalamika. Lakini nilikuwa nimeshaharibu namba tatu za kweli kwa ajili ya utaratibu, na nikaona si haki kuharibu utaratibu kwa ajili ya namba tatu nyingine.

"Baba mkwe," nikasema.

Aliweka kalamu chini. "Katibu. Baba mkwe amempima mkamwana wake. Nyuma ya pazia. Hebu jisikilize."

Mwalimu alikuwa amesimama mbali, kwenye kona ya uwanja, kanga imerudi kichwani. Afande alitoka na tochi yake kifuani.

"Kijana, huyo mwalimu mimi sijawahi kuongea naye."

"Mzee wangu, ni mkamwana wako."

"Ndiyo maana."

"Tangu lini?"

"Tangu waoane. Huu mwaka wa sita."

"Hata salamu?"

"Salamu zinapita kwa mama."

"Basi mna ugomvi."

"Ugomvi wa nini? Tunaheshimiana sana. Sura yake nikiiona kwenye picha naifahamu."

Msimamizi aliniangalia kama mtu anayetafuta pa kushikilia. Ni muuguzi aliyemalizia, akiwa bado ameketi chini, miguu mbele, viatu havina kamba.

"Wewe mtoto wa Dar, nani amesema hajazidi? Si huyu? Amesoma themanini kwa macho yake, akamfukuza mkamwana wake mwenyewe. Kama huko ndiko kupendelea, basi sisi wengine tuna bahati hatukuolewa kwake."

Kijana alicheka bila kutaka. Kisha akavuta fomu, akaandika kwa muda mrefu kuliko mstari ulivyoruhusu, herufi zikipanda ukingoni. Aliponipa nisaini niliona ameandika: baba mkwe, hawajawahi kuzungumza, alijaribu kumnyima. Nilisaini chini yake. Ni taarifa fupi kuliko zote nilizowahi kutia sahihi, na sikuona cha kurekebisha.

Jibu lilikuja zikiwa zimebaki wiki nane muhula uishe, likiwa na jina la mwalimu. Siku ya kuondoka kwake nilimkuta stendi ya Mbeya na begi dogo, na nilikuwa na ujumbe. Afande alikuwa amepita kwangu asubuhi hiyo, hakutaka kuketi.

"Anasema mpira wa nne haukuwa upepo," nikamwambia. "Anasema kiwiko kilitangulia. Anasema ulikuwa hivyohivyo hata Mbeya, siku ile ya mikaratusi, mpira mmoja kati ya mitatu."

Mwalimu alirekebisha kanga mabegani, ingawa mzee hakuwepo.

"Mwambie baba nimesikia," akasema. "Nitakirekebisha." Basi lilikuwa limeshawashwa. Akapanda ngazi mbili, akasimama. "Na mwambie themanini inatosha."

Niliufikisha ujumbe wote, kama ulivyo, mchana uleule. Afande alikuwa anafuta kioo cha tochi kwa pindo la shati.

"Inatosha huko," akasema. "Barabarani hajazidi."